Kiti Kinachoshuka Chenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili nimepewa na binti yangu mkubwa, yule muuguzi. Amesema, "Baba, andika hata mstari mmoja kila mnapotua, nijue uko hai." Nimemwambia nikianza kuandika atajua mengi kuliko hayo. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, na mwalimu mwenyewe alikiri hajapata kuona mwandiko mzito kama wangu. Kalamu naishika kama kisu, na kwa kushika kisu hajazaliwa wa kunishinda.

Maana mimi ni mnoa visu. Watu wananiita Jiwe. Wako wanaosema ni kwa sababu ya kinoo kilichofungwa kwenye baiskeli yangu, na wako wanaosema ni kwa sababu ya kichwa changu. Vyote viwili ni vigumu na vyote viwili vinafanya kazi.

Baiskeli yenyewe naiita Bi Mkubwa, kwa kuwa ilikuwa yangu kabla sijaoa. Mke wangu anaiita mke mwenzangu. Nikimsimamisha kwenye stendi, gurudumu la nyuma linaning'inia, nakanyaga pedeli, mkanda unazungusha kinoo, cheche zinaruka. Nikimshusha ni baiskeli tena, naenda zangu. Hana dosari ila moja: kiti chake hushuka chenyewe. Nikiamka usingizi wa mchana nakikuta kimeshuka vidole viwili, wakati mwingine vitatu. Nimebadilisha bolti, nimebadilisha nati, nimegombana na mafundi chuma wote wa mtaani. Kiti kinashuka tu.

Sasa habari ya safari. Mwaka jana niligonga mlango wa duka la mkate kwa baiskeli. Kosa lilikuwa la mlango, ulifunguka kwa nje kama mlango usio na adabu. Mke wangu siku hiyo alikuwa kitandani na homa, hakuwepo nyuma yangu kushuhudia, basi watu wakaamini walichotaka. Tangu hapo binti anasema macho yangu yamechoka, na Bi Mkubwa atundikwe ukutani sebuleni kama picha ya marehemu. Nikamwambia mimi nitapanda naye bonde zima la mto, nipite miji yote ya kale, mpaka mji wa daraja anakokaa dada wa mke wangu. Binti akafikiri kidogo, akasema sawa. Mkifika kwa baiskeli, ni yako mpaka ufe. Ukipanda gari hata mara moja, hata likiwa limebeba kuku, inatundikwa. Na mwamuzi awe shemeji yako.

Shemeji huyo ndiye aliyesema siku ya harusi yetu, kikombe cha chai mkononi, watu wote wakisikia: "Mdogo wangu, mwanamume wa baiskeli hatakufikisha popote." Miaka arobaini nalitafuna neno hilo na halijalainika.

Kesho tunaondoka. Mke wangu ameshona mto mpya wa kukalia kwenye keria.

Jumanne, 4 Juni

Tumeondoka. Upepo ulikuwa nyuma yetu, lakini hata ungekuwa mbele ningeenda vilevile.

Mke wangu anakaa upande kama siku zote, miguu kushoto, mkono mmoja kwenye kiti changu. Ule mwingine una tabia ya kunigusagusa mbavu, mara kulia, mara kushoto, mara anabinya kama mtu anayechagua papai sokoni. Miaka yote iko hivyo. Ni uoga, nami simlaumu, mwendo wangu unatisha.

Tena anasimulia. Leo amesema ameona bwana mmoja amekaa uani anamsomea punda gazeti. Nimemwambia, "Ndiyo mama, na mimi ni mfalme." Mimi nilipita hapohapo na sikuona punda wala gazeti. Mke wangu ana kipaji cha uongo mtamu, na njia ndefu inautaka.

Alhamisi, 6 Juni

Jua. Mkate na mayai. Nimewapita vijana wawili wenye baiskeli za gia. Walikuwa wamesimama, lakini nimewapita.

Jumapili, 9 Juni

Tumeingia mji wa kwanza kwa lango la mawe ambalo wajenzi wake walikwisha kuwa udongo kabla babu wa babu yangu hajalia. Ndani vichochoro ni vyembamba hivi kwamba usukani unakwaruza kuta za pande zote mbili, na ukikutana na mtu mnene mmoja lazima arudi nyuma. Nimekutana na mchinja nyama. Amerudi yeye.

Baadaye nimemnolea visu vyake vyote. Amejaribu kimoja kwenye nywele za mkono wake, akatazama ngozi ilivyobaki tupu, akaniletea na shoka. Mafundi cherehani wa kichochoro kizima wamepanga mikasi yao kwenye kizingiti kama samaki. Tumepata chumba juu ya fundi wa mabati. Mchana kutwa anagonga, na mke wangu anasema kugonga kule kuna mwendo wake, ukikaa vizuri unaweza kufagilia.

Jumamosi, 15 Juni

Bado tuko hapa. Hatuna haraka, mto nao hauna.

Jambo la ajabu: tangu tuondoke kiti hakijashuka hata mara moja. Safari inamfaa Bi Mkubwa.

Ijumaa, 28 Juni

Siku tano tunaufuata mto na sijaandika kwa sababu nilikuwa na furaha. Asubuhi ukungu umekaa juu ya maji, magurudumu yanalia kwenye changarawe, hakuna mwingine barabarani. Saa nne tunasimama, tunakoka moto, tunakunywa chai, mke wangu ananawa miguu mtoni. Tumevuka kwa kivuko cha kamba, abiria wote tunavuta. Mwenye kivuko akaniambia, mzee wewe kaa tu. Nikavuta mpaka akaniomba niache, chombo kilikuwa kinaenda upande. Kivuko kimetengenezwa kwa watu wa nguvu za kawaida.

Mke wangu amesema ameona ndege mdiria akitoka majini na samaki mrefu kuliko yeye mwenyewe. Ndiyo mama, na mimi ni mfalme.

Jumatano, 3 Julai

Mji wa pili una mnara wa saa iliyosimama. Kila mtu anasema ilisimama wakati wake: muuza vitabu anasema kwenye vita, kinyozi anasema siku aliyozaliwa. Tumefikia nyumba ya wageni ya zamani, yenye ua mkubwa katikati wa kufungia farasi, ingawa farasi hawapo tena. Mpishi wake ni mwanamke mpana, mkavu wa maneno. Amefungua droo ya visu na nikataka kulia. Afadhali angekata nyama kwa vijiko.

Alhamisi, 11 Julai

Leo lazima niandike mengi, mkono uumie ukitaka.

Nimemaliza visu vya mpishi, mapanga ya jikoni, mpaka mkasi wa kucha wa mumewe. Nikamwambia malipo yawe chumba na chakula. Mke wangu, ambaye huwa haingilii, akaingilia. Alikuwa ameona baiskeli ya kike, nyekundu, imeegemezwa nyuma ya mitungi. Mpishi akasema ni ya dada yake, mwenye kinu cha kusaga nafaka huko mji wa tatu, aliiacha hapa mwaka juzi na hajapatikana wa kumpelekea. Mke wangu akasema, "Tutampelekea sisi."

Nikacheka. Nikamuuliza sisi nani, mimi nina miguu miwili na yote ina kazi. Aliitoa ile baiskeli, akaijaza tairi upepo wa kutosha, akalifunga gauni lake kwa kamba ya gunia la unga, akapanda. Akazunguka ua. Akazunguka tena. Akapita kati ya mitungi miwili ambapo mimi ningeshuka nikaikokota baiskeli. Mara ya tatu akapiga kengele, na watumishi wote wakatoka jikoni kutazama.

Alipofika mbele yangu akaweka mguu mmoja chini, taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani kwake.

Nikamuuliza amejifunza wapi. Akafuta jasho la pua.

"Mzee," akasema, "kwani wewe ulidhani kile kiti kinashuka chenyewe?"

Mpishi, yule mkavu wa maneno, alicheka akashika ukuta.

Ijumaa, 12 Julai

Sina neno.

Jumamosi, 13 Julai

Ninalo. Inaonekana miaka yote ile, mimi nikilala mchana, mke wangu alikuwa anamtoa Bi Mkubwa kwa mlango wa nyuma. Ameenda naye sokoni, ameenda naye kwa binti siku ya uchungu wa mjukuu wa kwanza, ameenda naye mpaka kwenye chemchemi ya maji ya moto kuoga. Mtaa mzima ulijua. Mafundi chuma niliogombana nao walijua, ndiyo maana walikuwa wananiuzia bolti huku wanaangalia pembeni. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Amesema, "Ungekataa, kisha ningekuwa natoka bila ruhusa. Sasa nilikuwa natoka tu."

Nimetafuta kosa katika maneno hayo tangu asubuhi.

Jumamosi, 20 Julai

Tuko njiani, baiskeli mbili. Yeye yuko nyuma yangu kwa heshima. Bi Mkubwa ni mwepesi bila mzigo, nikadhani nitaruka. Nimeanguka kwenye mtaro. Mtaro ulikuwa umefichwa na majani.

Jumapili, 21 Julai

Nimeanguka. Jiwe, katikati ya barabara, kubwa kama kondoo. Mke wangu ameuliza kama sikuliona. Nimemwambia nililiona vizuri sana.

Jumatatu, 22 Julai

Nimegonga kondoo.

Jumatano, 24 Julai

Leo sikuanguka, lakini jambo limetokea nalo ni baya kuliko kuanguka.

Tulikuwa tumekaa kwenye gogo kando ya mto, kikombe cha chai moto kimejaa mkononi mwangu. Mke wangu akaona vumbi kwenye shati langu, akanipangusa kwa vidole, mbavu za kulia. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukapinda kushoto. Chai yote ikamwagika kwenye nyasi.

Yeye akasema pole, akanimiminia nyingine. Mimi nimeshika kikombe nikitazama mkono wangu kama mkono wa mtu mgeni.

Basi haikuwa uoga. Kulia, kuna shimo kulia. Kushoto, shimo kushoto. Kubinya, punguza mwendo. Miaka arobaini nimesema naijua kila barabara kama kiganja changu, kumbe nilikuwa najua vidole vyake. Na siku ya ule mlango wa mkate alikuwa kitandani na homa.

Sijamwambia. Mtu hasemi kila analolijua.

Ijumaa, 2 Agosti

Ninaandika nimelala, goti liko juu ya gunia la pumba.

Kuingia mji wa tatu kuna mteremko mrefu, na chini yake mto, kinu cha maji na gurudumu lake kubwa la mbao, na wanawake wanaofua kwenye mawe. Mke wangu alisema apite mbele. Nilijua kwa nini, naye alijua kwamba najua. Kwa hiyo nikapita mimi. Nikaachia breki. Wale wafuaji wakainua vichwa, mmoja akasema kwa sauti kuwa mzee bado yumo, na mimi nikaona ni vibaya kutowapungia. Nikapunga. Kilichokuwa kinapita katikati ya barabara ni mfereji wa kumwagia maji shamba. Nimesimuliwa kwamba niliruka kama kuku anayefukuzwa jikoni.

Bi Mkubwa hakuvunjika hata njiti moja ya gurudumu. Kengele tu imepinda, ikilia inakohoa. Goti langu limevimba kama boga.

Jumamosi, 3 Agosti

Mwenye kinu ndiye yule dada wa mpishi. Amefurahi kuipata baiskeli yake kuliko alivyofurahi kutuona, na hiyo ni haki. Ni mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi kandambili. Ametupa chumba juu ya magunia. Jengo lote linatetemeka taratibu jiwe la kusagia likizunguka, na mimi mwenye kinoo nalielewa jiwe lile, linanituliza.

Mtu wa zahanati amekuja. Hakuna kilichovunjika, ila nisikanyage pedeli mpaka mvua zije na ziondoke. Nimemweleza kwamba mvua zikija barabara ya bondeni inamezwa na mto, na mji wa daraja utakuwa haufikiki ila kwa gari la kuzunguka milimani. Akasema basi panda gari. Watu wengine wanasema tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Goti bado. Mwenye kinu anasema mvua huonekana majini kabla ya mbinguni: maji yakibadilika rangi chini ya gurudumu, ujue huko juu imenyesha. Leo ni meupe.

Mke wangu anazungukazunguka na Bi Mkubwa, anapeleka unga kwa wateja, anarudi na habari za mji wote. Anasema kuna nyumba ina ngazi inayopanda mpaka ukutani na kuishia hapo, hakuna mlango. Sikusema kitu kuhusu ufalme wangu.

Jumatano, 14 Agosti

Meupe bado, lakini mawingu yamekaa mlimani tangu juzi na hayaondoki.

Binti amepiga simu ya mwenye kinu. Sauti yake ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililoniumiza. Akasema baba, ulifika mbali, hakuna atakayekucheka, nitatuma gari Jumapili. Nikamuuliza ukutani amekwisha kupigilia misumari? Akasema fundi amekuja kupima tu.

Jumatatu, 19 Agosti

Maji yamekuwa rangi ya chai.

Gari la Jumapili nililirudisha. Dereva alikunywa maji, akanitazama, akaondoka. Leo amekuja mwingine, wa lori la unga, anayekwenda mji wa daraja kwa njia ya milimani. Huyu ni mjanja. Akasema mzee, Bi Mkubwa wako namlaza juu ya magunia, wewe unakaa mbele nami, nawashusha karibu na daraja, mnamalizia kwa baiskeli, dunia nzima hakuna atakayejua. Nikamwambia kinoo changu kitajua. Lakini nitaandika ukweli: kabla ya kusema hivyo niliutazama muda mrefu mlango wa lori, nao ulikuwa wazi.

Lori lilipoondoka mke wangu akaja akakaa juu ya gunia la pili.

"Hapa yupo mtu mwenye magoti mawili mazima," akasema.

Nikajifanya sikuelewa. Akaeleza. Yeye aendeshe, mimi nikae keria. Barabara ni tambarare mpaka darajani, siku moja, tukiondoka asubuhi kabla maji hayajapanda. Nikamwambia mimi sijabebwa na mtu tangu niliposhuka mgongoni kwa mama yangu.

"Mimi nimebebwa miaka arobaini," akasema, "na sijafa."

Nikamwambia si jambo moja. Akauliza tofauti iko wapi. Nikamwambia ajaribu kufikiri. Akasema amefikiri. Nikamgeukia ukuta.

Jumanne, 20 Agosti

Asubuhi aliamka, akanywa chai, akamtoa Bi Mkubwa uani. Mbele ya macho yangu, bila kujificha, akafungua nati ya kiti, akakishusha vidole vitatu, akakaza. Akafunga mizigo kwenye usukani. Ule mto wake akauweka kwenye keria. Akasema mimi na mke mwenzangu tunaenda kumsalimia dada, wewe ukipona utatufuata. Kengele ikakohoa, wakatoka getini.

Nilikaa. Gurudumu la kinu lilikuwa linazunguka kasi kuliko jana, maji yanagonga mbao. Mawazoni nikamwona Bi Mkubwa ukutani sebuleni, ametundikwa, wajukuu wanatundika kofia kwenye usukani. Kisha nikawaona wale wawili wakivuka daraja na mimi sipo. Kipi kiliniuma zaidi sijui. Nikachukua fimbo ya mwenye kinu nikatoka, nachechemea, nikisema maneno ambayo sitayaandika.

Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa geti, mguu mmoja chini, anamenya chungwa.

"Umechelewa," akasema. Akanipa nusu.

Nilitaka kukaa kiume, mguu huku na mguu huku. Goti likakataa kukunjika. Ikabidi nikae upande, miguu yote kushoto, kama bibi harusi. Wale wafuaji waliniona. Yule aliyesema mzee bado yumo akasema tena, safari hii wote wakapiga makofi. Nikawapungia. Sasa nilikuwa na ruhusa ya kupunga.

Ngoja niandike kuhusu keria. Kwanza ni ngumu. Mto unasaidia kama shukrani inavyosaidia tumbo lenye njaa. Pili, mbele huoni kitu ila mgongo. Lakini pembeni! Mwendesha baiskeli anaona udongo wa mbele yake tu. Anayekaa upande anapewa mto wote, mzima, unapita polepole kama kitambaa kinachokunjuliwa na muuza duka asiye na haraka. Nimeona matete yakiinama yote mara moja. Nimeona mdiria, na samaki alikuwa mrefu kuliko yeye. Nimeona ukuta wa ngome ya kale, na juu yake mtu ameanika suruali. Kisha nikaona wanaume wawili wanahamisha kabati lenye kioo, wamelitua shambani wapumzike, na ng'ombe amesimama mbele ya kioo anajitazama, anageuza kichwa upande huu, anageuza upande ule.

Nikamwambia mke wangu kuna ng'ombe anajiangalia kwenye kioo.

"Ndiyo mzee," akasema bila kugeuka, "na mimi ni malkia."

Nilicheka mpaka baiskeli ikayumba, akanikemea nitulie.

Nikaanza na mimi kumgusa mbavu. Shimo kulia, nikagusa kulia. Akasema ameliona. Jiwe kushoto, nikagusa kushoto. Akasema, "Mzee, hilo jiwe lilinisalimia kabla yako." Hapo moyo wangu ulinywea. Nikajiambia, yeye macho anayo, hana haja na vidole vya mtu.

Lakini alasiri jua liligeuka likawa mbele yetu, chini, juu ya maji, na barabara yote ikawa mwanga. Nikahisi mgongo wake umekakamaa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba haoni. Mimi upande wangu nilikuwa naona: maji yalikuwa yameanza kulamba ukingo, na barabara imemegwa kipande kwa kipande. Nikagusa kulia. Akapinda kushoto. Nikabinya. Akapunguza. Kushoto, akapinda kulia. Tulikwenda hivyo mpaka jua likajificha nyuma ya kilima, na tulipotazama nyuma mto ulikuwa unapita pale tulipopita sisi.

Mke wangu akasimama kidogo kupumua. Akaweka mkono wake nyuma, juu ya goti langu, lile zima.

Niandike hili lijulikane: katika bonde lote la mto hakuna abiria bora kuliko mimi.

Shemeji, aliyekwisha kupigiwa simu na mwenye kinu, alikuwa katikati ya daraja na mwavuli wake, matone yameanza. Alitupima kwa macho tangu mbali. Tulipofika hakusema karibu. Alimzunguka Bi Mkubwa, akatazama matairi, akatazama matope mpaka kwenye ekseli, akanitazama mimi nilivyokaa, miguu upande mmoja.

Nikamwambia, "Shemeji, gari sikupanda."

"Naona," akasema. "Na mimi nilisema mwanamume wa baiskeli hatakufikisha popote." Akamgeukia mke wangu. "Mdogo wangu, nilikosea wapi?"

Dada hao wawili wakaanza kucheka, wakashikana, mwavuli ukaanguka mtoni ukaelea, ukaenda zake. Mimi nikabaki juu ya keria, nanyeshewa, sikuweza kushuka bila msaada.

Baadaye shemeji alimpigia simu binti. Nilisikia hukumu kwa masikio yangu: wamefika, kwa baiskeli, gari hakuna, usipigilie misumari. Binti akauliza kama baba ndiye aliyeendesha. Shemeji akasema hilo halikuwemo katika mkataba.

Jumatano, 21 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nimekula, nimesifiwa kidogo, nimejisifu kiasi kilichobaki, nikalala mchana.

Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya na mvua imekatika. Bi Mkubwa yuko barazani, matairi mabichi, matope mapya. Mke wangu na dada yake wako jikoni wanaongea mambo ya sokoni.

Nimepima kiti kwa vidole. Kimeshuka vitatu.

Ile nati imeshika kutu kidogo kwa mvua. Nimeitia mafuta, isimsumbue.